Breki Kwanza, Mbwembwe Baadaye

Jamaa mmoja alinitumia video fupi iliyosindikizwa na vicheko. Mtoto wa miaka mitano hivi amekaa juu ya pikipiki ndogo, kichwani ana helmeti ya mtu mzima inayomfunika macho kila anapotikisika, na baba yake amemshikilia kwa nyuma huku akimhimiza, "Vuta mafuta! Usiogope, vuta!" Mtoto akavuta. Pikipiki ikachomoka, baba akabaki mikono mitupu, na safari ikaishia kwenye uzio. Kilichoniudhi si ajali yenyewe, kwa kuwa mtoto aliinuka akiwa mzima, bali ni pongezi zilizofuata: jasiri, simba, bingwa wa kesho. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mtoto yule alikuwa amefundishwa kukisimamisha chombo alichokabidhiwa.

Sina ugomvi na watoto kuendesha pikipiki. Nimemfundisha binti yangu mwenyewe na sijutii. Ugomvi wangu ni na utaratibu huu wa masomo unaoanza na kwenda, huku kusimama kukiachwa kujifundishe kwenyewe njiani.

Utazame mkono wa kulia. Katika pikipiki karibu zote, mkono unaozungusha mafuta ndio huo huo unaovuta breki ya mbele. Mtoto aliyeshtuka hafanyi hesabu. Hukaza vidole na kung'ang'ania chochote kilichomo kiganjani. Pikipiki inapochomoka, kiwiliwili chake hurudi nyuma, mikono hunyooka, kifundo cha mkono hushuka, na mafuta huzidi kufunguka kwa uzito wa mwili wake mwenyewe, hivyo kadiri anavyoogopa ndivyo anavyozidi kwenda kasi. Hapo ndipo baba huanza kukimbia nyuma akipiga kelele, "Achia! Achia!", kana kwamba neno linalosikika kwa taabu ndani ya helmeti linaweza kuishinda hofu. Springi ya mafuta ingerudisha kila kitu mahali pake kama mtoto angeachia tu, lakini kuachia ndilo jambo asiloliweza mwenye hofu, isipokuwa amelizoea mpaka vidole vinalifanya bila kusubiri amri.

Ndiyo maana somo la kwanza hufanyika injini ikiwa imezimwa. Mtoto hukaa, nyayo zake zote mbili zikiwa zimekanyaga chini barabara wala si kugusa kwa ncha za vidole, mzazi husukuma polepole, na mtoto huvuta breki. Hilo ndilo somo zima, na linachosha kweli kweli, hasa kwa mzazi mwenye mgongo wangu. Mimi nilichora mstari ardhini na kumwambia binti yangu kwamba tairi la mbele likisimama juu yake amenishinda. Alinishinda mara nyingi kuliko nilivyopenda, na hata injini ilipowashwa aliendelea kudai mstari wake, akiona kwenda mbele ni kazi ya lazima tu ya kumfikisha pale pa kusimamia.

Watengenezaji wenyewe walilitambua jambo hili zamani. Yamaha PW50, pikipiki ndogo ya watoto ambayo imekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 bila kubadilika sana, ina skrubu kwenye kishikio cha mafuta inayouzuia mkono usizunguke kupita kiwango alichokichagua mzazi. Haina gia za kubadilisha, na breki zake zote mbili huvutwa kwa mikono kama za baiskeli. CRF50F ya Honda nayo ina skrubu hiyo, ingawa gia zake tatu hubadilishwa kwa mguu na breki yake ya nyuma hukanyagwa, jambo linalomfaa zaidi mtoto aliyekwisha kukomaa kidogo. Kuikaza skrubu ni kazi ya bisibisi na dakika chache. Hata hivyo nimewaona wazazi wakiilegeza siku ile ile ya kwanza, kwa sababu eti mwendo ule unachosha. Unamchosha nani, kama si yule aliyeshika simu ya kurekodia?

Wapo pia wanaonunua pikipiki kubwa ili mtoto akue nayo, kama sare ya shule. Sare ikizidi hukunjwa, pikipiki haikunjiki. Hata hiyo PW50 ina uzito wa takribani kilo 40, na mtoto wa miaka mitano kwa wastani ana kilo 18 hivi, kwa hiyo ile iliyo ndogo kabisa tayari ni zaidi ya mara mbili yake, na ikimwangukia hawezi kuiondoa peke yake.

Kuhusu mizani, aliyezoea baiskeli isiyo na pedeli amekwisha kuijua, na magurudumu ya pembeni yanamchelewesha tu. Kuhusu pikipiki za umeme, nakiri shingo upande kwamba ni njema kwa kuanzia, kwani hazina ekzosi ya kuunguza mguu. Ila hazingurumi, na mtoto husahau upesi kwamba imewashwa, hivyo afundishwe kuizima kabla ya kushuka. Kamba ya kuzima injini ifungwe, na mwisho wake wa pili uwe mkononi mwa mzazi anayetembea nyuma. Baba wa kwenye video angekuwa nayo, uzio ungesalimika.

Watakaonitajia Marc Márquez, bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki, aliyepata pikipiki yake akiwa na miaka minne, wanisamehe. Hakuna anayetutajia walioanza na minne na kufika mitano hawataki hata kuisikia. Kwa upande wa pili, madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wanashauri walio chini ya miaka 16 wasiendeshe kabisa vyombo vya namna hii, na siwezi kusema hawana hoja, kwa sababu wao ndio wanaoishona mikono tunayoipigia makofi. Siufuati ushauri wao, lakini ninapoukaidi sitaki kuukaidi kizembe.

Swali ninaloulizwa zaidi ni skrubu ilegezwe lini. Sitazami umri wala miezi ya mazoezi. Mtoto akiwa anazunguka uwanjani, mimi husema "simama" bila kumtahadharisha, kisha hutazama kama vidole vinaachia mafuta kabla macho hayajanitafuta. Nilipoliona hilo kwa binti yangu, na kuliona tena siku nyingine akiwa amechoka na amenuna, niliilegeza robo mzunguko. Akazunguka mara moja, akarudi, akasimama juu ya mstari, akaniambia baba, haijabadilika kitu, hebu ongeza. Nikamwambia tutaangalia wiki ijayo.