Gereji Inapoizidi Nyumba

Jirani akipinga gereji ya mwenzake, jibu la kwanza huwa lile lile: ana wivu, hana gari. Nimelisikia mara nyingi mpaka sasa linanichekesha, maana wakati mwingine huyo mlalamikaji ana magari mawili.

Tuchukue futikamba. Gari dogo likiegeshwa linahitaji kama mita 2.5 kwa 5. Banda la mita 6 kwa 6 linalaza magari mawili, milango inafunguka, na baiskeli ya mtoto inapata pa kuegemea. Sasa mtu akisimamisha jengo la mita 10 kwa 15, kuta za mita 6, lango la kupitisha lori, halafu kwenye maombi ya kibali akaandika "gereji ya nyumbani", majirani wasiulize?

Kiswahili chenyewe kimeshawatonya. Gereji ni banda la kulaza gari, na gereji ni kwa makenika: nyundo, kompresa, oili chafu, magari ya watu yamepangwa mpaka barabarani. Wanaopinga huzungumzia ukubwa kwa sababu ndio unaopimika, lakini kinachowanyima usingizi ni hiyo maana ya pili. Leo ni gari la mwenyewe, kesho la shemeji, keshokutwa mteja anapiga honi alfajiri.

Na hata isipogeuka karakana, ukubwa wenyewe una gharama, na anayeilipa ni wa upande wa pili wa ukuta. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 30 linamwaga lita 4,500, na kama limejengwa kwenye mpaka, tunajua maji hayo yanaelekea wapi. Kivuli nacho: jua likiwa chini, nyuzi 30 hivi, ukuta wa mita 6 unatupa kivuli cha zaidi ya mita 10. Nguo za jirani zitakauka lini?

Kanuni za kimo na umbali kutoka mpakani zilitokana na kero za namna hii. New York ilipitisha zake mwaka 1916, baada ya jengo refu la ofisi la Equitable, lililokamilika mwaka uliotangulia, kupanda wima na kuwafunika majirani kwa kivuli. Miaka kumi baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, kuhusu kanuni kama hizo, na Jaji Sutherland akaandika kwamba kero inaweza kuwa kitu kizuri tu kilichowekwa pasipo pake, mfano wa nguruwe sebuleni. Sijapata maelezo bora zaidi ya gereji hizi.

Kinachoniudhi zaidi ni mtindo wa kujenga kwanza, kuomba baadaye. "Nimeshamaliza, nimetumia pesa nyingi, mnataka nibomoe?" Ruhusa ya kuvuka masharti ipo, nami naiunga mkono, lakini kwa kawaida ni kwa mwenye kiwanja chenye mteremko mkali au umbo la ajabu, ambaye ardhi yenyewe imembana. Shida ya kujitakia haimo. Ofisa anayeipitisha kwa sababu zege limeshakauka anamfundisha kila mwenye kiwanja kuharakisha zege.

Ila majirani nao wana lao. Kamba za fundi huvutwa mchana kweupe, msingi unachimbwa siku kadhaa, na watu wanapita wakisalimia "kazi njema". Malalamiko yanaanza paa likishapigwa misumari. Hapo hata ukishinda, umeshinda vita na mtu mtakayeonana naye kila asubuhi. Mimi siku hizi nikiona kamba karibu na mpaka, nabisha hodi siku hiyo hiyo na kuomba kuiona ramani. Mara mbili nimeonyeshwa, na mara moja ukuta ulirudishwa nyuma mita nzima kabla tofali la kwanza halijawekwa.