Mpiga picha, usimzibe mama

Kanisa lilikuwa dogo, la Kilutheri, milimani huko Lushoto, kwenye mteremko wenye mashamba ya kabichi na mikaratusi. Waliohudhuria hawakuzidi hamsini, na kwaya ilikuwa ya akina mama saba walioimba bila kinanda. Mimi nilitoka Dar na mazoea yangu ya Dar. Mchungaji alipoomba pete, nikasogea mbele, nikapiga goti, nikainuka, nikazunguka upande wa pili. Picha nilizipata, tena nzuri.

Wakati wa chakula mama mzazi wa bibi harusi alinishika mkono. Nikamwamkia. Akaitikia, halafu akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, pete sikuiona. Nimeona mgongo wako."

Nilimwomba radhi, akanisamehe palepale. Lakini baadaye mpwa wake alinionyesha picha aliyoipiga kwa simu akiwa pembeni. Mama ameshika benchi la mbele yake kwa mikono miwili, amenyoosha shingo kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Ukuta wenyewe ni shati langu jeusi. Niliiomba picha ile na ninayo hadi leo.

Tangu hapo nina msimamo, na najua baadhi ya wenzangu hawaupendi: katika harusi ndogo ya kijijini, aliyekaa benchini ana haki ya kuona kabla ya kamera. Kwenye ukumbi wa watu mia nne kuna skrini, na aliye nyuma anategemea kamera yetu ili aone. Kanisani pale skrini haipo na haihitajiki. Kila mtu yuko hatua chache tu kutoka madhabahuni, na amekuja aone kwa macho yake binti aliyemlea akiapa. Tukimziba, hakuna albamu itakayomrudishia.

Kwa hiyo chagua mahali pako mapema. Nafasi ya kujiandaa ipo, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21 angalau, na makanisani ndoa hutangazwa Jumapili tatu. Ukiweza, nenda Jumapili mojawapo, ukae kwenye ibada saa ileile ya harusi, uangalie dirisha lipi linaleta mwanga na mchungaji anasimama wapi. Mwambie mapema utakaa wapi, naye atakwambia mipaka yake. Mimi sasa husimama pembeni, karibu na ukuta, upande ambao uso wa bibi harusi utaelekea, na kuanzia viapo hadi pete sihami.

Flashi naizima. Inawamulika watu machoni katikati ya kiapo, na kwenye chumba kidogo kila mmoja anageuka. Lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.8, yaani tundu lake wazi sana, na ISO 3200, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga ukiwa umepandishwa, inatosha kwa mwanga wa dirisha. Chembechembe kidogo kwenye picha hazimuumizi mtu. Hatari kubwa ni dirisha lililo nyuma ya maharusi: kamera ikiachiwa iamue yenyewe, inafuata ule weupe na nyuso zinakuwa giza. Pima mwanga usoni, kisha hakikisha mikunjo ya gauni bado inaonekana. Ngozi zetu ni nzuri mno kupotezwa kwa sababu ya kitambaa.

Na kitu kimoja sikubali kamwe: kumwambia bwana harusi avue pete aivalishe tena kwa ajili ya picha. Kiapo si igizo. Nikikosa, nimekosa.

Kutulia kunakupa mengine ambayo anayezungukazunguka hayaoni. Pale Lushoto, baada ya mimi kukaa chini hatimaye, bibi mmoja aliitwa kushuhudia cheti. Alibonyeza kidole gumba kwenye wino, akakiweka kwenye karatasi taratibu sana, kisha akakifuta kwa ncha ya kanga na kubaki akikiangalia. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote za siku ile.

Nje, picha za pamoja anza na wazee. Wengine wana mlima wa kupanda, na ukungu ukishuka hausubiri ratiba yako. Saa sita jua linasimama utosini na kuchimba vivuli machoni, kwa hiyo wapeleke barazani au chini ya mti, usiwapange uwanjani eti kwa sababu kanisa linaonekana lote.

Halafu chapa picha kwenye karatasi. Kiungo cha kupakua picha kinawafaa maharusi, ila bibi wa kidole gumba hana simu ya kukifungulia. Mimi nachapa picha za postikadi, moja kwa kila mzee aliyekuwepo, na gharama yake naiweka ndani ya bei tangu siku ya makubaliano. Ya kwanza huenda kwa mama wa bibi harusi.