Peter Parker na deni lililofutwa

Ukibahatika kupata katuni za Marekani kwenye mafungu ya vitabu vya mitumba pale Kibuye, Kisumu, usitarajie mfululizo. Utaokota toleo la miaka ya themanini lisilo na jalada, kurasa za mwisho zimeng'oka, kisha jingine la juzi juzi, na katikati hakuna kitu. Msomaji wa hivyo hamjui Spider-Man kwa tarehe, anamjua kwa mwenendo wake. Kwa hiyo, wabishi wa One More Day, hadithi iliyoifuta ndoa yake, wanapoanza, mimi huangalia mwenendo kwanza.

Katika hadithi hiyo ya 2007, Shangazi May, aliyemlea Spider-Man, anapigwa risasi na yu karibu kufa. Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, na mkewe Mary Jane wanakubali Mephisto, shetani wa kikatuni, aifute ndoa yao ili mama huyo apone. Ndoa ya tangu 1987 ikawa haikuwahi kufungwa.

Wahariri wa Marvel, kampuni inayomchapisha, walikuwa na hoja. Peter alianza 1962 akiwa mwanafunzi wa sekondari. Angezeeka kama sisi, leo angekuwa babu. Mwenye mke, walisema, anaonekana mtu mzima mno. Na mabadiliko si dhambi: Batman wa 1939 aliua watu, na waandishi wangeng'ang'ania hayo, huyu anayekataa kuua tusingempata. (Juha Kalulu, kibonzo cha Edward Gitau kwenye gazeti la Taifa Leo, hakusumbuliwa na haya. Hukuhitaji kisa cha jana ili ucheke cha leo.)

Aliyefuata ndoa ile miaka 20 ana haki ya kununa, lakini kwangu ndoa si kiini. Peter alimwacha mwizi apite, na mwizi yuyo huyo akamuua Mjomba Ben, mume wa May. Tangu siku hiyo yeye ni mtu wa kulipa. Iweje amwendee shetani amfutie deni?

Wapo wanaomtetea, na utetezi wao una uzito. May alipigwa risasi baada ya Peter kujivua kinyago hadharani mwaka 2006, kwa hiyo hatia ilikuwa yake, na mtu aliyebanwa na hatia hufanya asilolifanya siku nyingine. Sawa, hapo nakubali. Tatizo ni kwamba mkataba ulifuta na kumbukumbu zake. Angebaki anajua alichouza, lingekuwa deni zito kuliko la Ben, na hadithi za miaka kumi zingetoka humo. Waandishi walimpa tendo wakamnyima matokeo yake.

Halafu Januari 2024 Marvel ikaanzisha Ultimate Spider-Man, iliyoandikwa na Jonathan Hickman: Peter mwenye ndevu, mke na watoto wawili. Toleo la kwanza liligombaniwa, likachapwa tena na tena. Ila huo ni ulimwengu wa pembeni. Kwenye mfululizo mkuu, Peter bado kapera.