Laki ya Maneno

Mwaka wangu wa kwanza kazini, bosi alinirudishia ripoti ya kikao, kurasa 6. Pembeni, kwa wino mwekundu, kaandika neno moja la Kiingereza: "laconic", na alama ya mshangao juu yake.

Sikuwahi kukutana nalo. Kumuuliza mwenyewe nikaona haya, maana siku ya usaili nilijigamba kwamba Kiingereza nakiota. Nikamnong'oneza jirani yangu wa meza, bingwa wa kujua kila kitu. Akalitazama, akakuna kidevu.

"Kaka, si unalisikia lenyewe? Lakoniki. Laki! Mama anataka maneno mengi."

Ubaya wake, likaniingia akilini.

Nilikesha siku tatu. Kikao cha nusu saa nikakianzia tangu jengo linajengwa. Chai ya saa nne ikapata aya mbili, na sambusa zake: ngapi za nyama, ngapi za viazi, nani alichukua tatu. Kurasa 6 zikawa 58. Nikazipeleka kwa mikono miwili kama mahari.

Mama akaupima mzigo kwa kiganja, akafungua katikati. Akaangukia penye sambusa. Akavua miwani.

"Lakonia unaijua?"

"Sijafika, mama."

Nikasomeshwa nimesimama. Lakonia iko kusini mwa Ugiriki, nchi ya Wasparta, watu wa kale waliosifika kwa vita na kwa ubahili wa maneno. Inasimuliwa kuwa Filipo wa Makedonia, baba yake Aleksanda Mkuu, aliwatumia vitisho: nikiingia Lakonia, nitawafukuza wote. Wakamjibu neno moja tu: "Ukiingia." (Wangekuwa Waswahili, hiyo "ki" peke yake ingetosha.) Basi jina la nchi yao likageuka sifa ya msemaji wa machache, nao Waingereza wakalibeba hivyo hivyo. Laki haimo.

Nilipita mezani kwa bingwa wangu bila kumsalimu. Naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa na kazi nyingi.

Asubuhi yake nikapeleka ripoti mpya, karatasi moja: "Tulikutana. Tulikubaliana. Tuliondoka."

Mama akaisoma, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna mengine, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Na sambusa?"