Panya aliyenyongwa: riwaya za Catherine II na shahidi mmoja

Panya mmoja hupenda kurudi katika masimulizi ya ikulu ya Urusi. Alipanda ngome ya karatasi ngumu ya Peter, mrithi wa kiti, akawala walinzi wawili waliofinyangwa kwa wanga. Mbwa akamkamata, Peter akamhukumu kwa sheria za kijeshi, akanyongwa. Mkewe alipoingia chumbani na kumkuta panya ananing'inia, aliangua kicheko. Kwa mwandishi wa riwaya hiki ni kisa cha bure: kwa nusu ukurasa msomaji ameshajua mume ni mtoto na mke ndiye mwenye akili. Ila shahidi wake ni mmoja, Catherine mwenyewe, aliyempindua mume huyo tarehe 28 Juni 1762 na kukalia kiti chake miaka 34.

Wapo wanaosema mwandishi wa riwaya ya kihistoria ashike nyaraka asibanduke. Wengine hujibu kwamba kama nyaraka zingetosha, nani angehangaika na riwaya? Kwa wanawake wa ikulu, jibu hili la pili lina uzito. Majenerali waliacha amri na ripoti zao. Mjakazi aliyebeba maji ya kuoga hakuacha kitu.

Chukua siku Catherine alipomzaa Paul, 20 Septemba 1754. Katika kumbukumbu zake, alizoziandika kwa Kifaransa, anasimulia kwamba Elizabeth, malkia aliyekuwa akitawala, alimwamuru mkunga amchukue mtoto na kumfuata naye. Mzazi akaachwa kwenye godoro la kujifungulia, kati ya mlango na madirisha yanayopitisha baridi, kwa saa kama tatu. Aliomba maji, akaomba ahamishiwe kitandani mwake. Bibi Vladislavova, aliyekuwa akimhudumia, hakuthubutu bila idhini. Baadaye Elizabeth akamtuzia rubli 100,000. Hazikukaa: mtunza hazina alikuja kuziomba kwa mkopo, kwa sababu Peter naye alikuwa amedai zake na hazina haikuwa na kitu.

Kiu ya Catherine tunayo tayari, imeandikwa. Tusichonacho ni kilichopita kichwani mwa yule aliyemnyima maji. Alimwogopa nani hasa, na usiku ule alilala? Hapo ubunifu una haki yake yote, na ajabu ni kwamba waandishi wengi hupapita mbio kwenda kutafuta wapenzi wa malkia.

Anayejivunia kushika nyaraka naye ana mtego wake. Kumbukumbu zizo hizo zinadokeza kwamba baba wa Paul alikuwa Sergei Saltykov, mwungwana wa ikulu, si Peter. Zimeandikwa na mtu aliyehitaji kuonekana amedhulumiwa na mume asiyefaa. Ukizimeza nzima hujawa mwaminifu kwa historia. Umekuwa karani wa mshindi. Peter III alitawala siku 186 tu, lakini ndani yake aliwaondolea makabaila utumishi wa lazima na kuivunja ofisi ya upelelezi wa siri. Pengine alikuwa mpumbavu kweli, lakini mpumbavu wa namna hiyo anastahili zaidi ya panya.

Kuna mahali ambapo uhuru wa kubuni sitauunga mkono, nako ni kwenye vitu vinavyopimika. Tarehe 28 Juni ni ya kalenda ya Juliasi, iliyotumiwa na Urusi wakati huo. Kwa Gregori, kalenda yetu ya leo, ni 9 Julai, na huko Peterhof, ikulu alikolala Catherine usiku wa kuamkia mapinduzi, siku hizo jua huchomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Kwa hiyo Aleksei Orlov, mmoja wa wala njama, anapokuja kumwamsha Catherine, yapata saa kumi na mbili asubuhi, usimpe mshumaa wala giza la kujifichia. Vazi la ikulu la mahameli, lenye mikono iliyopasuliwa na kilemba cha kokoshniki, liliagizwa kwa sheria ya Nicholas I mwaka 1834; anayemvika Catherine amekosea kwa zaidi ya miaka 70. Makosa haya hutokana na picha za ikulu ya mwisho, ya Alexandra na Nicholas II, zinazotazamwa kana kwamba Urusi ilikuwa na ikulu moja isiyobadilika. Hata jina: tangu alipopokelewa katika Kanisa la Kiorthodoksi mwaka 1744 hakuitwa tena Sophie, jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Ekaterina Alekseyevna, yaani binti Aleksei, ingawa baba yake mzazi aliitwa Christian August.

Kuwaunganisha wajakazi watatu wakawa mmoja, au kubana miaka miwili ya njama katika wiki moja, hakuniudhi. Riwaya ina pumzi yake.

Pagumu ni Ropsha, alikofia Peter siku chache baada ya kupinduliwa. Tangazo rasmi lilitaja msokoto wa tumbo uliotokana na bawasiri. Barua ya Aleksei Orlov ya kumwomba Catherine msamaha kwa kifo hicho imetufikia kwa nakala tu, na wanahistoria wanabishana kama ni ya kweli. Mwandishi hana budi kuchagua: Catherine aliamuru, alijua akanyamaza, au aliletewa habari mambo yakiwa yamekwisha. Njia yoyote ni halali, mradi imgharimu shujaa wake kitu. Catherine mwenyewe hatusaidii. Kumbukumbu zake ndefu zinakatika kabla ya kufika 1762: panya amepata nafasi yake humo, kifo cha mume hakina hata mstari.