Jumamosi ya Watu Elfu Sitini

Kipolandi hakimwachi mama akae kwa amani. Akitenda jambo ni mama. Akikosekana ni mamy, ukimpa kitu ni mamie, ukimwona ni mamę, ukiongozana naye ni mamą, ukimsimulia ni mamie tena, na ukimwita ni mamo. Hali saba, na kila nomino ina zake. Hiyo ya mwisho, ya kumwitia mtu, mwalimu wetu alituambia kwamba mgeni akiipatia bila kujikwaa, wenyeji humpenda papo hapo. Nikaishikilia hiyo kuliko zote. Nikawa naifanyia mazoezi bafuni kwenye bweni letu pale Warszawa, kwa sauti: mamo! tato! babciu! ciociu! wujku! Jirani wa chumba cha pili alikuja kunipa pole. Alidhani nimefiwa na ukoo mzima.

Wiki ya somo la familia tulipewa karatasi moja moja tuchore mti wa ukoo. Wenzangu walimaliza upesi wakaanza kuupaka rangi. Mimi ni mtu wa Tengeru, chini ya Mlima Meru, na kwetu mtu hachori ukoo kwenye karatasi moja labda awe yatima wa pande zote. Niliomba ya pili, kisha ya tatu, kisha gundi. Mwalimu akaja kunisaidia kupunguza: mama mkubwa ni ciocia, mama mdogo ni ciocia, mke wa mjomba ni ciocia, shangazi naye ni ciocia. Yaani shangazi yangu, mwanamke ambaye akikohoa tu uani baba anazima redio, ametiwa gunia moja na mama mdogo anayenitumia vocha! Nililalamika. Mwalimu akanituliza kwamba zamani Wapolandi walikuwa makini zaidi: kaka wa baba alikuwa stryj na kaka wa mama ni wuj, lakini siku hizi wengi wanasema wujek kwa wote na maisha yanaendelea. Mtoto wa kaka na mtoto wa dada ndio bado wana majina mbalimbali, bratanek na siostrzeniec. Hapo nikawasamehe kidogo.

Sasa, nilikuwa na rafiki, binti aliyekuwa akisoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Warszawa. Mkataba wetu ulikuwa wazi: mimi namsahihishia ngeli, yeye ananisahihishia hali saba. Hapakuwa na kingine. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye nililazimika kulisema nimechelewa, mbele ya watu wengi, huku nimeshika kijiko.

Tarehe 26 Julai ni siku ya Mtakatifu Anna, na Wapolandi, hasa wazee, husherehekea siku ya jina kama wengine wanavyosherehekea siku ya kuzaliwa. Bibi yake aliitwa Anna. Nikaalikwa kijijini kwao, upande wa Lublin, nikale chakula cha nyumbani na nizoeze masikio.

Nilijiandaa kama ninaenda kuposa, na huenda ndiko mambo yalikoanzia. Maua nilinunua saba, maana idadi shufwa ni ya msibani. Mlangoni sikumpa mtu mkono juu ya kizingiti, maana ni mkosi; niliingia kwanza ndipo nikasalimia. Viatu nikavua, nikapewa ndara za wageni ambazo kisigino changu kilibaki nje kama abiria wa daladala. Bibi nikambusu mkono. Yule rafiki yangu alinitazama kwa fahari ya mwalimu, kisha akachukua ufunguo wa gari akaenda stesheni kumpokea binamu yake. Katika watu wote mle ndani, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua kwamba Mswahili humwita mama kila mwanamke aliyemzidi umri, hata muuza mchicha. Na ndiye aliyeondoka.

Tukakaa mezani: baba mwenye nyumba, mama mwenye nyumba, bibi, ciocia mmoja mwenye macho makali, na mimi. Kwanza wakaniuliza ninatoka wapi. Nikasema Tengeru. Bibi, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, alilisikia hilo neno kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi wapatao elfu tano, wengi wanawake na watoto waliopelekwa Siberia na Wasovieti kisha wakatokea Iran, waliishi kambini pale kwetu. Makaburi yao yapo mpaka leo. Nikamwambia nimeshapita pale mara nyingi, panafagiliwa. Bibi akanishika mkono na hakuuachia tena. Nikawa nakunywa supu kwa mkono wa kushoto, nikihofu kwamba mama yangu ananiona kwa namna fulani.

Ilikuwa rosół, supu ya kuku yenye tambi nyembamba. Mama mwenye nyumba akaniongezea bakuli. Nikaona saa yangu imefika. Nikaketi vizuri, nikavuta pumzi, nikaitoa ile hali ya saba safi kabisa, herufi o imeviringana kama ya mzaliwa:

“Dziękuję, mamo.”

Upawa ukabaki hewani. Baba akaacha kutafuna. Ciocia akafumba mdomo kwa kitambaa cha meza. Mimi nikadhani ni heshima kwa sarufi.

“Co on powiedział?” akauliza bibi. Amesema nini huyu?

“Powiedział: mamo!” ciocia akampigia kelele sikioni.

Ngoja niwaeleze nilichokuwa sikijui. Kule, mwanamke asiye ndugu yako unamwita pani, hata kama amekupikia miaka kumi. Mama wa binti humwiti mamo mpaka umeoa au unakaribia kuoa. Kwao mimi sikuwa nimeshukuru kwa supu. Nilikuwa nimeleta posa, tena bila mshenga.

“Nareszcie!” akasema bibi, yaani hatimaye, machozi yakimlengalenga, akaubana mkono wangu kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mtu wa umri ule.

Baba mwenye nyumba alikuwa mtu wa maneno machache. Akajifuta mdomo, akanikazia macho, akauliza: “Kiedy ślub?”

Kiedy nilikuwa naijua: lini. Hiyo nyingine hutamkwa “shlup”, na katika masomo yote tuliyofundishwa hatukuwa tumefika kwenye harusi. Mimi nikasikia klub. Nikafurahi mno. Kumbe mzee ni mtu wa mpira! Tangu nifike Poland nilikuwa sijapata mtu wa kuzungumza naye habari za Simba. Ligi ya kwetu ilikuwa mapumzikoni, tunasubiri msimu mpya. Nikamjibu kwa furaha: “W sierpniu. W sobotę.” Agosti. Jumamosi.

Ciocia akaanza kuhesabu kwa vidole. Wapolandi wengi hupenda kufunga ndoa katika mwezi wenye herufi r, na sierpień inayo. Jumamosi nayo ndiyo siku yao ya harusi. Kwa bahati mbaya yangu, jibu halikuwa na dosari hata moja, isipokuwa kwamba Agosti ilikuwa imebakiza siku chache tu ianze.

“Mbona haraka hivyo?” mama akauliza, rangi ikimtoka.

“Haraka?” nikasema. “Watu wamesubiri muda mrefu!”

Bibi akaunga mkono.

“Ile osób?” akauliza baba. Watu wangapi?

Hapo nikaweka kijiko chini, maana swali lilikuwa la mtu anayejua mambo. Nikamwambia inategemea, lakini ikiwa ni siku yenyewe hasa, pale Uwanja wa Benjamin Mkapa: “Sześćdziesiąt tysięcy.”

Elfu sitini. Mama akasema taratibu, kwa huruma, kwamba namba za Kipolandi ni ngumu, bila shaka kijana anamaanisha sitini. Nikakataa. Elfu sitini, na wengine wanabaki nje ya geti. Labda mia sita? Elfu, nikasema, nikaiandika kwenye kitambaa cha karatasi na masifuri yote.

Baba akaitazama ile karatasi kwa muda. “Z obu stron?” Kwa pande zote mbili?

“Tak! Simba na Yanga.”

Akarudia yale majina polepole, kama mtu anayejifunza koo za wakwe. Kisha akauliza kama hizo pande mbili huwa zinapigana. Nikasema kidogo, mwishoni, hasa upande mmoja ukihisi umeonewa. Akaitikia kwa kichwa: “Jak u nas.” Kama kwetu. Nikazidi kumpenda.

Ndipo akauliza swali lililokuwa likimkaba koo tangu mwanzo: nani analipa?

“Kila mtu anajilipia,” nikasema. “Ananunua tiketi. Kwetu hakuna anayeingia bure, hata ndugu.”

Yule mzee alisimama. Harusi za Poland wageni huleta bahasha ya pesa, lakini huileta wakiwa wameshaingia, na wakati mwingine wameshakula. Wazo la kuitoza getini lilimwingia kama ufunuo. Akazunguka meza, akanikumbatia, akasema jambo refu ambalo ndani yake nililishika neno “mwerevu”. Kisha akatoka uani na simu yake. Nikadhani anaangalia matokeo.

Tukabaki na wanawake, na kotleti ya nyama ya nguruwe kubwa kama sahani. Mama, akijitahidi kuzoea, akaniuliza kwetu tuko wangapi na nani atakuja. Kuja wapi, sikuuliza. Nilidhani ni somo la familia lile lile, na hilo nilikuwa nimelisoma kwa gundi. Nikasema: “Mam sześć matek.”

Nina mama sita. Ciocia akauliza kama baba yangu ana wake sita. Hapana, nikasema kwa msisitizo, baba yangu ni mtu wa kanisa, ana mke mmoja tu. Wakubwa ni wawili, wadogo watatu, na mmoja ndiye aliyenizaa. Naweza kuapa nilisikia ubongo wa ciocia ukifanya hesabu.

Ili kuwasaidia nikatoa simu niwaonyeshe picha. Bibi akaja na miwani yake. Picha ya kwanza ilikuwa ya bibi yangu mimi, amekaa chini ya mgomba na khanga yake. Kila mtu akasema ni mzuri. Nikanogewa. Nikawaambia jinsi tunavyopendana, jinsi ananitania kila asubuhi, na hapo nikaitumia ile hali ya kuitia kwa mara ya pili, tena kwa neno gumu linalobadilika katikati: huniita “mój mężu”. Mume wangu.

Bibi mwenye siku yake akaniachia mkono kwa mara ya kwanza.

“Mume?” akasema mama.

Tak, nikasema, na hunidai sukari na sabuni kama mke yeyote. Na huyu mtoto aliyempakata, nikaendelea, maana nani angenizuia, huyu ni mtoto wa kaka yangu, amepewa jina la mzee wetu, kwa hiyo sisi sote tunamwita baba. Nikatafuta sentensi iliyonyooka: “To mój tata. Ma cztery lata.” Huyu ni baba yangu. Ana miaka minne.

Ciocia akajifanyia ishara ya msalaba. Mama akaketi. Binti yake ataolewa wiki chache zijazo, mbele ya watu elfu sitini wenye tiketi, na mwanamume mwenye mama sita, baba wa miaka minne, na mke ambaye ni bibi yake.

Gari likasikika uani. Rafiki yangu akaingia na binamu yake, akakuta mama anapepewa na kitambaa chenye masifuri yangu. Wakamweleza wote kwa pamoja. Akasikiliza, akanigeukia, na kwa Kiswahili kile cha darasani kisicho na kasoro akaniuliza: “Ndugu, tafadhali naomba unieleze, je, mimi ninaolewa lini?”

Nikamweleza: supu, klabu, Mkapa, bibi. Alikaa sakafuni. Alicheka mpaka ndara zikamtoka, na kila alipojaribu kuwatafsiria wenzake alifika kwenye “Simba na Yanga” akaanguka upya. Ilimchukua muda mrefu kurudisha kila mtu kwenye nafasi yake: mama mkubwa huku, mama mdogo kule, bibi na utani wake, mtoto na jina lake. Ciocia alielewa mwisho, na nadhani hajaamini mpaka leo. Bibi alielewa wa kwanza. Alisema kwamba hata yeye marehemu mumewe alikuwa wa hovyo, heri angeolewa na mjukuu. Kisha akaniletea kipande cha sernik, keki yao ya jibini, akaniambia nile, mume wake. Nilishukuru. Nilitumia babciu, baada ya kumtazama rafiki yangu kwanza nipate ruhusa.

Aliyehuzunika kwa kweli ni yule mzee. Alirudi kutoka uani uso umeng'aa, akaambiwa hakuna harusi, akauliza: “Na tiketi?” Akaambiwa hakuna tiketi. Akakaa akala kachumbari yake ya matango bila kusema neno.

Kumbe simu ile alikuwa amempigia mdogo wake aliyeko Chicago. Huyo, kwa hesabu za Tengeru, angekuwa baba mdogo wangu. Usiku tukiwa tunaosha vyombo akapiga yeye, simu ikapokewa na binamu, nikasikia ninaitwa. Habari za kufutwa zilikuwa hazijamfikia. Alinipongeza, akasema wameshakusanyana kumi na wawili kule, akataka kujua tiketi ya upande wenye kivuli ni kiasi gani, na kama watoto wanalipa nusu.