Treni isiyo na reli: reli imekwenda wapi?

Mwenye uwanja wa burudani akitaka kuongeza treni, muuzaji wa treni ya matairi huwa na kazi nyepesi ya kumshawishi. Reli inadai ardhi ipimwe, ichimbwe, isawazishwe na kujazwa kokoto kabla chuma cha kwanza hakijalazwa. Treni ya matairi hushushwa kwenye lori, ikakaguliwa, na siku chache baadaye inabeba watoto. Kichwa kimepambwa kama injini ya mvuke, chenye kengele na bomba lisilotoa moshi, na nyuma yake mabehewa mawili au matatu yaliyo wazi ubavuni. Ukiuvua urembo huo unabaki na trekta ndogo inayovuta matela. Sisemi hivyo kwa dharau. Mtoto wa miaka minne hana haja ya kujua, na trekta ni mashine ya kuaminika. Ila mwenye pesa akumbuke, kwa sababu shida atakazokutana nazo ni shida za trekta na matela.

Faida yake kubwa ni uhuru wa kuhama. Chukua Disneyland, uwanja wa burudani ulioko California, Marekani. Ilipofunguliwa Julai 1955, treni za mvuke zilikuwapo tangu mwanzo, zikizunguka bustani. Miaka sitini baadaye, nafasi ilipohitajika kwa ajili ya eneo jipya, reli ikawa imekaa njiani: treni zilisimama kuanzia Januari 2016 hadi Julai 2017 ili sehemu ya njia ijengwe upya. Mwenye treni ya matairi angehamisha vibao, akapaka mistari mipya, kazi ikaisha. Kwa uwanja ambao bado unakua, au uliojengwa kwenye ardhi ya kupanga na haujui kama mkataba utaongezwa, hii ni hoja nzito kuliko nyingine zote.

Lakini iangalie tena reli ile ya Disneyland. Imepita pembeni, sehemu kubwa juu ya tuta, mbali na miguu ya watu. Reli hufanya kazi mbili: hubeba uzito, na humwambia kila mtu, hata asiyejua kusoma, kwamba hapa hupita treni. Ukiiondoa, kazi ya kwanza inachukuliwa na lami au vitofali vya njia, ambavyo navyo vitaanza kubonyea pale magurudumu yanapopita kila siku. Kazi ya pili inahamia kichwani mwa dereva. Kwa hiyo gharama ya reli haikufutwa. Ilikuwa ilipwe mara moja ardhini. Sasa inalipwa kila siku kwa mshahara, mafunzo na macho ya mtu aliyeshika usukani tangu asubuhi, na sasa ni saa kumi jioni, amechoka, na mtoto anaukimbilia mpira wake.

Tena hatari kubwa haiko mbele, anakotazama dereva. Iko nyuma. Tela likivutwa kwenye kona halifuati alama za kichwa, hukata ndani. La pili hukata zaidi ya la kwanza, la tatu zaidi ya la pili. Aliyesimama kwenye kona akaona kichwa kimempita kwa nafasi ya kutosha, akapumua, anaweza kukuta behewa la mwisho linamjia miguuni. Watengenezaji wazuri wanalijua hilo. Huunganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma ya kila behewa ili yapinde pamoja, na mkia ukapita karibu na palepale kilipopita kichwa. Ukiletewa bei mbili zinazotofautiana sana, ulizia hapo kwanza, kisha ulizia breki: behewa lisilo na breki zake likifika kwenye mteremko humsukuma anayelivuta.

Nchini Ufaransa, ambako treni hizi hutembeza watalii barabarani, kanuni haziruhusu zaidi ya mabehewa matatu wala urefu wa jumla unaozidi mita 18, na treni hugawanywa katika makundi kufuatana na ukali wa mteremko. Njia ya ndani ya uwanja si barabara ya umma na ina taratibu zake, lakini mimi ningeanza na kipimo hicho kabla ya kumsikiliza yeyote anayetaka behewa la nne.

Kwenye kupanda, kwa haki, matairi yanashinda. Mpira hushika lami kuliko chuma kinavyoshika chuma, ndiyo maana reli huviogopa vilima. Ushindi huo una bei: kwenye tambarare, tairi hula nguvu mara tano hivi au zaidi ya gurudumu la chuma kwa mzigo uleule. Kwa injini ya dizeli hiyo ni kelele na moshi puani mwa wanaokaa behewa la kwanza. Kwa betri ni suala la kama itafika jioni. Betri za asidi na risasi huchoka mapema zikikamuliwa mpaka chini kila siku. Za lithiamu huvumilia zaidi, na bei yake nayo ni nyingine.

Mapato yasipigiwe hesabu kwa viti. Treni ya watu 40 ikizunguka kwa dakika 10, na kushusha na kupakia kukachukua dakika 5, hupata safari nne kwa saa: watu 160, tena ikijaa kila mara. Kuongeza mwendo si dawa. Katikati ya watu, treni haifai kwenda kasi kuliko mtu anayetembea haraka.

Wengi hujichanganya wanapotaka iwe mchezo na usafiri kwa wakati mmoja: izungushe watoto, na papo hapo iwatoe wazee getini iwafikishe upande wa pili. Usafiri unataka vituo, ratiba na njia fupi, na njia fupi hupita kwenye watu. Mchezo unataka njia ndefu kidogo yenye cha kutazama, ianzie hapa na iishie hapahapa. Mimi ningechagua mchezo. Hata hivyo upande wa pili una hoja inayonisumbua: bibi mwenye magoti mabovu hana chake kwenye mabembea yale mengine, na treni ni moja ya mashine chache ambazo yeye, binti yake na mjukuu wanaweza kupanda pamoja. Basi vyovyote itakavyoamuliwa, behewa moja liwe na ngazi fupi, rampu na nafasi ya kiti cha magurudumu.

Naiunga mkono treni hii, kwa sharti kwamba ipewe njia yake, hata kama kinachoitenga ni safu ya vyungu vya maua tu. Kabla ya kulipa chochote, mwenye uwanja aazime gari na matela yenye urefu unaokaribiana na wa treni, ayapitishe polepole kwenye njia iliyokusudiwa kabla geti halijafunguliwa, na mtu afuate nyuma akichora chaki pale gurudumu la mwisho la ndani linapokanyaga. Kisha geti lifunguliwe, iwe siku ya sikukuu, naye atafute mahali pa juu ahesabu watu waliosimama ndani ya chaki.